Mume wangu na wenzake wanasema pikipiki yangu inawachelewesha

SWALI

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 32, naishi Tanga mjini na mume wangu na watoto wetu wawili. Shule ninayofundisha iko nje ya mji na usafiri wa kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilinunua pikipiki ya cc 150, za kawaida kabisa, hizi wanazoendesha vijana wa bodaboda. Leseni ninayo, bima iko hai, na helmeti yangu ni ile ya kufunika uso mzima. Siku zote za kazi niko nayo barabarani, mvua jua.

Mume wangu naye ana ya kwake, cc 650, hiyo ni ya matembezi tu. Yuko na kundi la marafiki ambao mara kwa mara wanatoka Jumamosi asubuhi, wanalala huko waliko, wanarudi Jumapili. Safari iliyopita niliomba na mimi niende, na niende na ya kwangu. Akacheka, akasema haya. Mama mkwe akakubali kubaki na watoto, ingawa aliguna kidogo.

Tulikuwa tunakwenda Lushoto. Tulikutana sheli alfajiri, kiongozi akatupanga, mimi nikawekwa mwisho kabisa kwa sababu "mwenye mashine ndogo anakaa nyuma asizuie wengine". Mpaka Muheza mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo wakaanza kuovateki malori, kila mtu kwa nafasi yake, na mimi nikawa nabaki nyuma ya semitrela nasubiri. Nikitoka, mbele hakuna mtu. Nakaza mpaka mshale unakaribia mia, pikipiki inatetemeka, vidole vinakufa ganzi. Nawakuta wamesimama chini ya mti wanapiga picha. Nikizima tu injini, wao wanavaa helmeti, wanawasha, wanaondoka. Hata maji sijanywa. Segera ilikuwa hivyo, Korogwe ikawa hivyo.

Mombo sikumkuta mtu njia panda. Bahati nzuri njia naijua, nikakunja kulia nikaanza kupanda. Nikiwa nimeshapita Soni, cheni ikatoka. Nampigia mume wangu, simu inaita haipokelewi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anashuka na kabichi nyuma, akasimama, akairudisha cheni na kuikaza, na hela ya soda akaikataa. Nafika Lushoto, wenzangu wameshakula. Mmoja akasema, "Mwalimu ameingia, sasa kipindi kianze." Wakacheka wote. Mume wangu naye akacheka.

Sasa wanapanga safari nyingine. Kwenye kundi la WhatsApp mtu ameandika kwamba pikipiki chini ya cc 250 zisije tena, na wake wanaotaka kwenda wakae nyuma ya waume zao. Mume wangu akaweka dole gumba. Nilipomuuliza nyumbani akasema ni kwa usalama wangu.

Nimewaza njia tatu. Nichukue mkopo kwenye SACCOS yetu ya walimu ninunue ya cc 250. Au nikae nyuma kama walivyosema. Au niachane na hizi safari. Lakini mzee, ile asubuhi pale baada ya Korogwe, mkonge kulia na kushoto na milima ya Usambara inakuja mbele, mimi mwenyewe nimeshika usukani, sijawahi kujisikia vile. Nifanyeje?

Halafu wanasema cheni ilitoka kwa sababu pikipiki zenyewe hizi ni dhaifu. Ni kweli?

Mwalimu wa cc 150, Tanga

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na mkopo, maana hapo ndipo unapoweza kuumia kwa muda mrefu zaidi: usichukue. Wenye cc 650 walioikimbia cc 150 wataikimbia na cc 250 vilevile, tofauti ni kwamba safari hiyo utakuwa unaachwa huku unakatwa mshahara kila mwezi. Na hesabu yenyewe haidai pikipiki kubwa. Kutoka Tanga hadi Lushoto ni kama kilomita 160. Njiani kuna Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, na vijiji katikati yake vyenye kibao cha 50 na matuta, na askari wa tochi anajua vizuri pa kujibanza. Kuanzia Mombo ni kona mpaka unafika. Mwenye cc 650 akitembea kihalali barabara hiyo, hana mahali pa kuitumia ile ziada yake zaidi ya vipande vichache vilivyonyooka. Mkienda kwa wastani wa 60 mnafika chini ya saa tatu. Waliokimbia waliokoa nusu saa hivi, wakaimaliza chini ya mti wakipiga picha.

Kilichokuchosha si injini yako, ni mahali ulipowekwa. Msafara wa pikipiki ni mpira wa manati: unavutika, kisha unajirudi. Kiongozi akiwa kwenye 80 akaovateki lori, anaendelea na 80 yake kwa raha zake. Wa pili amesubiri kidogo, inabidi aende 85 kumfikia. Wa tatu kasubiri zaidi. Wa mwisho, aliyekaa nyuma ya semitrela mpaka njia iwe wazi, anakuta pengo la kilomita nzima, na ili alizibe lazima aende mia. Mtu wa nyuma hukimbia kuliko wa mbele siku zote, hata kama wote wana pikipiki za aina moja. Sasa wenzako wakachukua mashine yenye nguvu kidogo kuliko zote, na mtu mgeni kuliko wote kwenye safari hizo, wakamweka mahali panapodai mwendo mkubwa kuliko pote. Halafu wakashangaa anachelewa.

Wanaojua kuongoza hupanga kinyume chake. Mwenye mwendo mdogo anakaa wa pili, mgongoni kwa kiongozi, na kiongozi anamwona kwenye kioo muda wote. Akimwona amebanwa nyuma ya lori, anapunguza. Nyuma kabisa anakaa mzoefu, mtu mtulivu anayejua spana, mwenye pampu, vifaa vya kuziba pancha na simu inayopokelewa. Huyo ndiye anayefunga msafara, na hampiti mtu. Yeyote atakayesimama, atasimama naye. Kama kundi lenu lingekuwa na mtu huyo, pale juu ya Soni usingemngoja kijana wa kabichi. (Na huyo kijana, Mwalimu, Mungu amzidishie.)

Njia panda nazo zina utaratibu wake. Kila mnapokunja, wa tatu kwenye mstari, yaani anayemfuata huyo mwenye mwendo mdogo, anasimama pembeni pale penye kona, anaonyesha njia mpaka anayefunga msafara apite, kisha anajiunga. Mombo ilikuwa lazima asimame mtu. Wewe ulikuwa unaijua njia. Mgeni asiyeijua angenyoosha, akaja kushtukia yuko Same.

Na mkishaanza kupanda kutoka Mombo, ule mpangilio wa mmoja kushoto, anayemfuata kulia, unaofaa kwenye lami iliyonyooka, unakwisha. Ni mstari mmoja, kila mtu na nafasi yake, bila kupitana wenyewe kwa wenyewe. Barabara ile imebana mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, basi linaposhuka linahitaji upana wake, na huwezi kuliona mpaka limefika. Piga honi kabla ya kona iliyofichika. Wakati wa kushuka, gia uliyopandia ndiyo ushukie, acha injini ikushikilie. Wanaoshuka na gia kubwa huku wamekanyaga breki mlima mzima hufika Mombo breki zinanuka, kama wamefika. Usiku usishuke kabisa. Ukungu wa Lushoto hauna adabu, na lori bovu lisilo na taa hulioni mpaka umelivaa.

Sasa niwe mkweli kwako pia. Sharti la cc si uonevu kila mara. Pikipiki yako ikiwa kwenye 90 haina kitu tena cha kutoa. Ukiwa katikati ya kuovateki na gari likajitokeza mbele, huna pa kukaza. Upepo wa basi linalopishana nawe unaisukuma, kwa sababu ni nyepesi. Kama kundi linapanga kwenda Arusha kwa siku moja, zaidi ya kilomita 400 za barabara kuu, mimi mwenyewe ningekwambia hiyo waachie. Lakini Lushoto? Kupanda Soni na cc 150 ni kazi ya kila siku ya vijana wa kule, tena na gunia la karoti nyuma.

Kukaa nyuma ya mumeo hakuna ubaya wowote kama unapenda. Wapo wanaofurahia, wanaangalia mandhari bila wasiwasi wa kona. Ila wakisema ni kwa usalama wako, waulize usalama gani. Abiria hana breki wala usukani. Pikipiki iliyobeba watu wawili inahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kwenye kona inamtaka dereva makini zaidi. Kama mume wako akiwa na kundi lake anakwenda mwendo ule uliousimulia, nyuma yake hapana usalama kuliko kwenye pikipiki yako unayoiendesha 70. Ukikaa, kaa kwa kupenda. Usikae kwa adhabu.

Hapo nimefika kwa mumeo, na hapa sitazunguka. Kucheka kwake pale mezani kuache. Mwanaume mbele ya wenzake hucheka vitu vingi ambavyo nyumbani havimchekeshi. Hata lile dole gumba lisamehe. Kisichopita ni Mombo. Alifika njia panda, akatazama kioo, mke wake hayumo. Akakunja kulia. Akapanda kilomita zaidi ya 30 za kona, akaegesha, akanawa mikono, akaagiza chakula. Muda wote huo simu iko mfukoni.

Simwiti mtu mbaya. Nimekaa na makundi haya, najua kinachotokea: hakuna anayetaka kuwa yule wa kusema "jamani tungoje". Kila mmoja anadhani mwenzake yuko nyuma na wewe. Akisimama peke yake anaona ataonekana anaendeshwa na mkewe. Kundi zima la wanaume linaachana na mtu mmoja barabarani bila hata mmoja wao kuamua kumwacha. Lakini wale wengine hawakukuoa.

Kwa hiyo zungumza naye, na uchague wakati. Si siku anaosha pikipiki wenzake wakiwa wamekaa barazani, si mbele ya mama mkwe, ambaye tayari ameshaguna. Usiku, watoto wamelala. Usianze na kundi, usianze na cc. Muulize swali moja: "Ulipofika Mombo, ulijua niko wapi?" Kisha nyamaza. Wewe ni mwalimu, unajua kungoja jibu bila kumsaidia mwanafunzi. Akileta habari za usalama, msikilize mpaka mwisho, halafu mwambie ulichokifanya ili kuwafikia: mshale kwenye mia, mikono imekufa ganzi, nyuma ya semitrela. Nina hakika hilo halijui. Alikuona unafika tu, hakuona ulivyofika.

Baada ya hapo, mambo ya kundi ayapeleke yeye. Usiandike wewe kwenye WhatsApp. Ukiandika wewe itakuwa mke wa fulani analalamika, na ataibuka mtu na picha ya kuchekesha, mjadala umeishia hapo. Akisema yeye, "Safari ijayo mwalimu anakaa wa pili na mimi nafunga msafara," hakuna wa kumbishia. Cc 650 yake ndiyo inayofaa hasa kukaa mwisho, kwa sababu yeye akibaki nyuma ana nguvu ya kulifikia kundi bila kuhangaika. Na atakuwa nyuma yako, anakuona. Kama anajali usalama wako kama anavyosema, kazi imempata.

Safari yenyewe nina pendekezo. Waambie mwende Amani. Mnatoka Tanga mpaka Muheza kwa lami, halafu mnaiacha barabara kuu, mnapanda Usambara ya Mashariki kwa njia ambayo sehemu yake ni ya vumbi. Ni karibu na nyumbani, msitu ni mzito, juu kuna mashamba ya chai, na ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 bado ina miti yao mikubwa ajabu. Lakini sababu yangu kubwa ni barabara. Udongo mwekundu wa mlimani ukinyeshewa unateleza kama nini, na kona zake hazitaki haraka. Pikipiki ya kilo 200 na ushee ikilala kwenye tope kule, mwenyewe haiinui bila kuita watu. Yako unainyanyua, unapangusa vioo, unaendelea. Nina uhakika kabla hamjafika juu wewe ndiye utakayekuwa umesimama pembeni unawangoja wao. Ukiwangoja, zima injini, waache wanywe maji, wapumue, ndipo muondoke. Na usiwacheke. Kidogo tu inaruhusiwa.

Mafuta pia utawashinda, sikwambii kwa siri. Lita moja inakupeleka kilomita 40 na zaidi, wao nusu ya hapo.

Na wakikataa? Wakikataa, mume wako akikubaliana nao, safari zako zisife. Watu watatu au wanne wanatosha, na kwa kweli ndio raha zaidi, kwa sababu kundi dogo halivutiki sana. Tanga haikosi walimu, manesi na mabwana shamba wenye pikipiki za kazini ambao Jumamosi hawana pa kwenda. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu kukiwa kumekucha vizuri, simameni kila baada ya saa moja, mfike kabla ya jua la saa nane. Epukeni mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, hasa kwa Amani. Mume ukimwachia watoto na mama yake Jumamosi moja, nayo ni elimu.

Nimalizie cheni. Wamekudanganya. Hata zile kubwa zao nyingi zinatembea kwa cheni, na cheni haitoki kwa udogo wa injini. Inatoka kwa kulegea, kwa sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) kuisha, au kwa gurudumu la nyuma kukaa upande. Wewe unakwenda nayo shuleni kila siku kwenye vumbi, vumbi linaila. Kisha ukaipeleka mlimani ukipandisha na kushusha gia, na cheni iliyolegea hupiga kila unapokaza na kuachia, mpaka inaruka. Hilo la kuikagua lilikuwa juu yako, si juu ya kundi. Kila mwisho wa wiki isimamishe kwa stendi ya katikati, shika cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, uisukume juu na chini. Ikicheza sentimita mbili hadi tatu iko sawa. Zungusha gurudumu uipime sehemu kadhaa, kwa sababu huwa inalegea mahali na kukaza mahali. Ukiikaza, angalia alama za pande zote mbili za gurudumu zilingane. Mafuta ipake ukishatoka safari, ikiwa bado ina joto.

Yule kijana alikurudishia na kuikaza barabarani, alifanya vizuri, lakini mpelekee fundi aitazame kabla ya Amani. Meno ya sproketi ya nyuma yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, muda wake umekwisha. Hapo badilisha vyote vitatu kwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Fundi akikwambia ubadilishe cheni peke yake utaokoa hela, tafuta fundi mwingine.